Dakika Tatu za Ndugu wa Marehemu

Mimi ni mpenzi wa jazi, ugonjwa ambao hapa Nyamira hauna dawa wala daktari. Nikitaja jazi, watu hufurahi kwanza. Hunishika mkono, hunitajia bendi za magitaa za zamani zilizojiita jazi, huanza kutikisa mabega. Inabidi niwaeleze kwamba nasema ile ya saksafoni na piano na tarumbeta, isiyo na maneno, inayoweza kwenda dakika ishirini bila kumtaja mwanamke hata mmoja. Hapo mkono wangu huachiliwa. Mke wangu, Msabato wa kuzaliwa na mtu mwenye adabu zake, huuita muziki huo kelele za watu waliopotezana sokoni.

Sijali. Nimefundisha hisabati mpaka nikastaafu, na mtu aliyesahihisha madaftari ya kidato cha pili ana haki ya kuwa na maoni. Ninayo ya kutosha. Nyimbo za injili, kwa mfano: sina ugomvi na Bwana, ugomvi wangu ni na kinanda. Siku hizi mtu mmoja anabonyeza kitufe, mdundo unaanza, na mdundo huohuo unatumika arusini, matangani na kwenye uzinduzi wa tangi la maji. Mpira nao? Nenda Nyamache siku ya soko uone wanaume wazima, wenye migomba na wajukuu, wakinuniana kwa sababu ya timu ya Uingereza ambayo haijui kama Nyamache ipo. Timu ya taifa ikicheza, haohao wanakumbuka kwamba ng'ombe hajakamuliwa.

Runinga ndiyo usiseme. Kijiji kizima kinamlilia tajiri wa Uturuki aliyesalitiwa na binamu yake, wote wawili wakizungumza Kiswahili safi cha Pwani, huku majani ya chai yanakomaa shambani bila mchumaji. Tamthilia ikiisha wanakuja wachambuzi wa siasa, watu watano wanaozungumza kwa pamoja. Kwenye jazi pia watano hupiga kwa pamoja, ila kila mmoja amewategea sikio wenzake wanne. Na wanasiasa wenyewe wana kasoro moja kubwa: hawajui kupokezana. Mpiga saksafoni akimaliza zamu yake anarudi nyuma, anasimama kimya, anamwachia mwenzake. Mheshimiwa wetu akishika maikrofoni hupiga zamu yake, ya mwenzake na ya wafiwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akisikiliza maoni haya bila kupiga miayo, naye alikuwa kaka yangu mkubwa. Alilima chai upande wa Itumbe. Kila Jumapili nilikuwa nakwenda kwake na spika yangu ndogo, tunakaa barazani, tunafungulia sauti chini kidogo kwa sababu mzee wa kanisa alikuwa jirani. Mimi nabwabwaja, yeye anasikiliza tarumbeta. Baada ya muda mrefu anasema, “Huyo pumzi imemwishia, ndiyo maana amekatisha.” Na kweli ukirudisha nyuma unasikia pumzi ilivyokwisha.

Alijua, maana alipokuwa kijana alipiga tarumbeta kwenye bendi ya hoteli moja ya mjini Kisii. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa bweni, nikitoroka kwenda kumsikiliza nikiwa nimesimama nje dirishani. Sitasema mengi. Nimesikiliza rekodi nyingi tangu wakati huo na bado sauti ninayoitafuta ndani yake ni ile ya dirishani. Kisha akabatizwa. Wazee wa kanisa wakamwambia tarumbeta ni chombo cha vilabuni, naye akaiuza kwa mtu wa Keroka na hakuigusa nyingine maisha yake yote. Baadaye akaoa. Kwa miaka mingi, kila ulipofika wakati wa ushuhuda, alisimama mbele ya waumini akaiita miaka ile “miaka yangu ya giza,” kwa sababu ndivyo ushuhuda unavyotakiwa kuwa. Watu wakaitikia amina. Kijiji kikajua basi kwamba aliwahi kuwa mlevi na mhuni, ingawa pombe hakuwahi kuionja.

Alipougua, Jumapili moja akaniambia nizime spika. Mkewe alikuwa hapohapo akichambua maharagwe.

“Siku yangu ikifika,” akasema, “watakupa nafasi ya kuzungumza, maana wewe ni mwalimu. Usiwachekeshe. Waambie tu kwamba nilikuwa najua kupiga.”

“Nani asiyejua?” nikamjibu.

“Hawajui. Walionisikia wote wamekwenda, umebaki wewe.”

Nikamwahidi. Nilimpenda kaka yangu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza, na ahadi yenyewe ilikuwa nyepesi, sentensi moja tu.

Alipofariki tulipanga kumzika Alhamisi. Mheshimiwa akatuma ujumbe kwamba Alhamisi hana nafasi, ila Ijumaa angefika bila kukosa. Hakuna aliyemwalika, lakini hapa kwetu maziko bila mheshimiwa yanaonekana kama maziko ya mtu asiye na watu, kwa hiyo familia ikasogeza siku. Nilipinga kidogo, nikanyamaza. Kosa hilo wanaweza kulifanya Wasabato wa Nyamira peke yao: kumpa mwanasiasa siku ya Ijumaa. Sabato inaingia jua likizama, na kabla ya hapo kaburi lifukiwe, sufuria zioshwe na watu wawe wamefika kwao. Mheshimiwa naye alifika saa nane na nusu akiwa na magari sita.

Kilichofuata ni utambuzi. Kila anayepewa maikrofoni lazima kwanza awatambue wakubwa waliopo, kwa vyeo, kuanzia mheshimiwa hadi naibu wa chifu, na akimsahau mmoja lazima arudi aombe radhi. Msemaji wa kwanza akawatambua. Wa pili akawatambua walewale, kana kwamba wamebadilika. Karani wa kanisa akasoma wasifu wa kaka yangu haraka kama anasoma tangazo la mnada, na alipofika kwenye ujana wake akasema, “Aliishi gizani kwa miaka kadhaa kabla ya kumjua Mwokozi.” Watu wakaitikia amina. Mheshimiwa akazungumza dakika arobaini kuhusu barabara. Ndipo msimamizi wa ratiba, kijana mmoja aliyevaa koti la kuazima, akaniletea maikrofoni.

“Mwalimu, dakika ni tatu tu,” akaninong'oneza. “Leo ni Ijumaa, na unaona vile jua liko.”

Tatu zilinitosha kabisa. Sentensi ilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi nikichemka, na mtu akichemka huanza na mvuke.

“Nawatambua wote mnaopenda kutambuliwa,” nikasema. Kicheko kikapita kwenye mahema. “Ambao hamjatambuliwa, vumilieni. Marehemu naye hajatambuliwa tangu asubuhi.”

Wakacheka zaidi, na mimi nikasikia utamu. Sijui niueleze vipi. Kwa miaka mingi nimetoa maoni yangu mbele ya mke anayesinzia, na sasa mahema manne yalikuwa yananingoja nimalize kila sentensi. Nikawaeleza kuhusu wanamuziki wanaojua kupokezana, na wengine, siwataji, ambao wakipewa zamu wanajenga barabara ya lami humohumo. Mheshimiwa mwenyewe akacheka kuliko wote, akapiga mapaja, akamgeukia msaidizi wake kuhakikisha naye anacheka. Nikaenda kwenye timu za Uingereza. Nikaenda Uturuki. Mama mmoja alijifuta machozi kwa leso aliyoileta kwa ajili ya kilio. Nilikuwa nikipiga vizuri, wallahi, kila kitu kikiingia mahali pake, na nikasema moyoni: sasa moja tu ya mwisho, kisha nimalizie na kaka.

Msimamizi akanigusa kiwiko. Nikamwashiria asubiri. Akaonyesha kilima cha magharibi, akaichukua maikrofoni mkononi mwangu kwa heshima zote, akasema, “Tumshukuru mwalimu wetu, ametuchangamsha,” na kwaya ikaanza kuimba tukielekea kaburini. Kinanda kikabonyezwa.

Nilibaki nimesimama mkono ukiwa bado umeinuka. Nikamtafuta kwa macho shemeji yangu, mjane wa kaka, nikamwona amekaa mstari wa mbele na shali yake nyeusi, ananitazama. Yeye peke yake hakuwa akicheka wala kuimba.

Tulifukia haraka. Vijana walipokezana makoleo bila kupumzika, na mchungaji akaomba huku mchanga ukiwa bado unarushwa. Nilifikiria kupaza sauti palepale kando ya kaburi, lakini vyombo vya sauti vilikuwa vimeshafungwa kwenye gari, na watu walikuwa wanatazama jua kuliko wanavyomtazama mtu. Nikaona aibu. Mimi, ambaye mwanafunzi wa nyuma kabisa alikuwa ananisikia, nikaona aibu kupaza sauti.

Watu walipoanza kutawanyika nikamwendea shemeji. Alikuwa ameinama anaokota maua ya plastiki yaliyokanyagwa.

“Shemeji,” nikamwambia, “muda uliniishia.”

“Haukukuishia. Uliutumia.”

Akakung'uta udongo kwenye ua moja, akalichomeka juu ya kaburi.

“Mimi nilimkuta ameshaacha,” akasema. “Miaka yote nimelala na mtu ambaye sikuwahi kumsikia. Nilikuwa nangoja leo niambiwe, na hawa wakiwepo.”

“Alikuwa anajua, shemeji. Alikuwa anajua sana. Hakuna mtu…”

“Kuniambia mimi kunasaidia nini?” Hakupandisha sauti. “Mimi sikuwahi kumwita mtu wa giza. Waambie wale.”

Nikageuka. Wale walikuwa wanateremka kati ya mashamba ya chai wakiwahi makwao, mistari miwili ya makoti na leso. Mbele kabisa mwanaume mmoja alikuwa ameinua mkono kama ameshika maikrofoni, anaiga sauti yangu, na wenzake walikuwa hoi kwa kicheko.