Mbwa wa Dzoro na Mikono ya Watu

Dzoro ni soja, mlinzi wa lango la godauni la vifaa vya ujenzi kule Makupa, na kazi yake ni kushuku. Kila anayetoka kwenye lile lango hufungua mfuko, hutikisa koti, huvua kofia, naye Dzoro humtazama kama mama mkwe anayetafuta sababu. Taabu ni kwamba kazi ile haiachi kazini. Akirudi nyumbani Kibokoni, mkate huugeuza chini juu kabla ya kulipa. Kahawa huinusa kwanza. Tumekaa mtaa mmoja miaka na miaka, na mpaka leo nikimsalimu hutazama nyuma yangu kuona nimekuja na nani.

"Wewe," aliniuliza siku moja, "ni diploma gani hiyo yako isomewayo barazani?"

"Ya uhusiano wa umma. Hapa niko kwenye mafunzo ya vitendo."

"Mh," akasema. Dzoro akikwambia "mh", ujue kesi yako imefunguliwa.

Basi hebu fikiria mtaa ulivyofurahi mtu huyo alipoanza kuonekana akipita na kikapu kilichofunikwa leso. Asubuhi atoka nacho, jioni arudi nacho, amekikumbatia kama bibi harusi, hasalimu mtu.

"Soja mwenyewe!" alisema fundi cherehani wa pale kona, sindano mdomoni. "Akagua mikoba ya wenziwe, kumbe yeye atoka na kikapu kizima!"

Mwishowe nikamsimamisha njiani. "Fungua, bwana. Ukaguzi."

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua pembe ya leso. Ndani mlikuwa na kijibwa cheupe, macho ya rangi ya maji, baka moja jeusi mgongoni kama mtu amekiwekea kikombe cha chai. Kilikuwa kimelala fofofo. Nikapiga yowe la mshangao, na fundi cherehani akaangusha mkasi. Kijibwa hakikutikisa hata sikio.

"Si mwizi mimi," Dzoro akasema. "Huyu ni Shahidi."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Tajiri wake, Bwana Badruddin, alikuwa amemwita ofisini akamwambia kwa upole, upole ule unaotisha kuliko matusi: "Dzoro, vitasa vyangu vya milango vyatoka hapa kwa miguu yao. Mimi sikushuku wewe, lakini..." Hiyo "lakini" ndiyo iliyomkata Dzoro maini. Baada ya Idi ingekuja kampuni ya ulinzi, na kamera zake na mbwa wake. Ila kama Dzoro angepata mbwa wake mwenyewe, mbwa wa maana anayemtii bwana wake langoni, basi lango lingebaki kuwa lake. Soja na mbwa, atabaki. Soja peke yake, aende salama. Na lango lile ndilo linalosomesha watoto wake watatu huko Mariakani.

Binamu yake Baya akampa kijibwa bure. Bure! Dzoro alilishuku jambo hilo tangu siku ya kwanza, akamgeuza mbwa kama anavyogeuza mkate, asione kasoro. Akampokea. Mwenye nyumba wake, Bi Batul, anayekaa chini na familia yake, akatoa sharti moja. "Sitaki najisi kwangu. Asikanyage ukumbi wangu, asilambe kitu changu. Mbebe." Ndiyo maana ya kikapu.

Kazi ya kufunza ikaanza, na kesi nayo ikaanza.

Dzoro alimwita, "Shahidi!" Mbwa akaendelea kutafuna kandambili. Akamwita kwa ukali, akamwita kwa mapenzi, akamwita kwa Kigiriama. Kandambili ikaliwa. Akaingia wasiwasi, akaamua kumpima. Akasimama nyuma yake na kifuniko cha sufuria, akakiachia sakafuni. Mbwa akaruka, akageuka, akamtazama.

"Aaa!" Dzoro akasema. "Kumbe wasikia!"

Alikuja barazani na hasira zake. "Yuwajifanya," akanambia. "Kifuniko asikia, jina lake hasikii. Nawajua watu wa namna hii. Kazini ninao. Ukimwambia fungua mfuko, kiziwi. Chai ikiitwa, yeye wa kwanza."

"Labda jina halipendi," nikasema.

"Au amefunzwa."

"Na nani, Dzoro? Mbwa ana miezi miwili."

"Baya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Akampigia simu palepale. Baya akaapa kwa mizimu ya pande zote mbili kwamba mbwa ni mzima, na alivyoapa kwa haraka ndivyo Dzoro alivyozidi kukunja uso.

Kisha mbwa akamng'ata. Alikuwa amelala, Dzoro akamnyanyua kwa nyuma kumtia kikapuni, naye akashtuka akamtia meno kwenye kidole gumba. Hilo Dzoro alilichukua kama ushahidi wa mwisho. Kwa siku kadhaa wakawa wanakaa chumba kimoja kama wake wenza, huyu kona hii, yule kona ile, wanatazamana.

Aliyefungua fundo ni Bi Batul, naye hakuwa na nia ya kumsaidia mtu. Alikuwa anatetea unga wake. Ile nyumba ni ya kale. Chini ni saruji, juu ni mbao zilizolazwa kwenye boriti, na ukikohoa kwa nguvu huko juu, chokaa humwangukia aliye chini. Sasa Dzoro alikuwa anaangusha vifuniko huko juu kutwa, anapima.

"We Dzoro!" Bi Batul akapaza sauti kutoka uani. "Wacheza ngoma gani hapo juu? Chokaa yaniangukia kwenye unga, leo twala chapati za ukuta?"

Dzoro akashuka mbio kuomba radhi, kikapu mkononi, akakiweka chini ya dirisha la jikoni. Shahidi akatoka, akajinyoosha juu ya saruji, akalala. Ndani, sufuria ya presha ya Bi Batul ikapiga firimbi. Ile sufuria nawaambia hata sisi wa barazani twaijua. Ikilia, mtu hushika moyo. Paka wa jirani aliyekuwa ukutani akatoweka. Shahidi, hatua moja kutoka dirishani, akajilamba pua na usingizi ukaendelea.

Bi Batul akamtazama mbwa. Akamtazama Dzoro. "Ngoja," akasema. Wakangoja. Firimbi ikalia tena. Mbwa kimya.

"Umempa nini huyu?" Dzoro akauliza.

"Nimempa nini? Mimi hata kivuli chake nakiruka! Baba, mbwa wako hasikii."

"Asikia, Bi Batul. Nikiangusha kifuniko yuwaruka!"

"Uliangushia wapi?"

"Juu."

"Basi angushia hapa."

Akampa kifuniko chake mwenyewe, akimwonya asikigusishe mbwa. Dzoro akakiachia kwenye saruji nyuma ya kichwa cha Shahidi. Kikalia, kikazunguka, kikalia tena mpaka kikachoka chenyewe. Mbwa akaota ndoto zake.

"Mbao ndizo zimwambiazo," akasema Bi Batul. "Sakafu yatikisika, asikia kwa tumbo. Masikio hana. Ni pambo tu yale."

Dzoro akakaa kwenye ngazi. Idi ilikuwa imebaki miezi michache tu. Mbwa wa lango asiyesikia lango! Bi Batul akamwambia amrudishe kwa Baya, akachukue mwingine. Akampigia Baya, naye bila haya akamwambia, "Mtupe, ndugu yangu. Hata mamake alimkataa." Kumbe alijua tangu mwanzo.

Nilimkuta jioni yake, Shahidi mapajani, leso imekunjwa kando. Nikamuuliza mtuhumiwa amekiri nini.

"Hana kosa," Dzoro akasema, na alilisema kama mtu aliyetafuna kitu asichokijua. Maisha yake yote ameshuku watu, wengine akawakamata, wengine wakamponyoka, lakini huyu ndiye wa kwanza aliyethibitika kuwa hana hatia. Hakujua la kufanya naye. Akaamua kubaki naye na kumfunza upya.

Hapo ndipo Kibokoni ilipopata sinema. Dzoro akawa hamwamshi mbwa ila kwa kumwekea kiganja puani, mpaka anuse mwenyewe afumbue macho. Nyumbani akitaka amtazame, hukanyaga mbao mara moja, baada ya kuuliza kwa adabu dirishani, "Bi Batul, unga umefunikwa?" Kiganja chini, kaa. Ngumi juu, njoo. Kidole gumba, vyema sana, na kila penye vyema sana pana kipande cha maini ya kuchemsha. Maini hayo aliyatia kwenye mkebe mdogo, akauficha kiunoni chini ya shati, maana aliwashuku paka. Shahidi akajifunza upesi kwamba mkono ukienda kiunoni, neema yaja. Basi kila mkono ulipoelekea huko, yeye alikaa kitako mbele yake, macho juu, kama mtoto wa madrasa siku ya halua.

Mtaa uliona mtu mzima mlangoni akipunga hewa bila kusema neno, na mbwa mweupe mwenye macho ya maji akimtii. Wengine walikunja kanzu zao wakapita upande wa pili. Wengine walisema ana jini. Fundi cherehani alisema awapa ishara watu wa baharini. Mimi nilisema aongoza ndege, na kuna walioangalia juu.

Ikafika Jumamosi ya mtihani, siku mbili tatu kabla ya Idi. Yaliyotokea nimeyapata kwa Dzoro mwenyewe, na amenieleza mara nyingi bila kubadilisha kitu, jambo ambalo yeye angelishuku kwa mwingine.

Saa sita, saa ya kufunga, Bwana Badruddin akatoka ofisini. Wapagazi walikuwa wameanza kupanga foleni langoni. Shahidi, mbwa wa kimo sasa, alikuwa amekaa akilitazama lori lililokuwa likirudi nyuma.

"Haya, Dzoro. Mwite."

Dzoro, kwa woga, akafanya alivyozoea nyumbani. Akakanyaga chini. Saruji haikusema kitu. Akakanyaga tena. Wapagazi wakacheka, mmoja akauliza kama soja anaua mende. Shahidi hakugeuka.

"Mbwa gani huyu?" Bwana Badruddin akasema polepole. "Lori alisikiza, wewe hakusikizi."

Dzoro aliliona lango likimponyoka. Aliona kamera, akaona watoto wake wakirudishwa nyumbani na mabegi. Akageukia kazi yake. Akaanza kukagua foleni. Fungua. Tikisa. Pita.

Akafika Sabir, mpagazi mcheshi anayependwa na kila mtu, na ambaye Dzoro alimshuku kwa sababu hiyohiyo. Mfuko mtupu, kofia tupu. Lakini Sabir alipoanza kupita, mkono wake mmoja ukaingia chini ya shati, ukashika kiuno.

Lori lilikuwa limesimama. Shahidi akageuka, akaona mkono. Akaja taratibu, akakaa mbele ya Sabir, akamtazama usoni, akautazama mkono.

Sabir akasogea kushoto. Mbwa akasogea kushoto, akakaa. Kulia, naye kulia.

"Mwondoe huyu mbwa! Mimi nina udhu!"

"Hajakugusa," Dzoro akasema.

"Ataka nini kwangu?"

Dzoro alijua vizuri sana anachotaka. Anataka maini. Aliniambia neno lilifika kwenye ulimi, likasimama hapo. Kisha akawatazama wapagazi, hakuna aliyekuwa anacheka tena. Akamtazama tajiri.

"Muulize yeye," akasema.

Mbwa hakubweka. Alikaa tu, ana subira, anamtazama Sabir kama anayemjua tangu utotoni. Jasho likamtoka Sabir. "Nilitaka kuviweka tu..." akaanza, ingawa hakuna aliyemuuliza, akatoa kiunoni vitasa viwili vya shaba, vikiwa na karatasi zake.

Dzoro akampa Shahidi kidole gumba, na kipande cha maini kutoka mkebeni. Nyuma ya foleni watu wawili wakakumbuka kwamba wamesahau kitu ndani.

Bwana Badruddin akasogea kuvitazama vitasa vyake. Akapeleka mkono kiunoni kuvuta suruali yake juu. Shahidi akainuka, akaenda, akakaa mbele yake. Foleni nzima ikamgeukia tajiri.

Akautoa mkono polepole, akauonyesha kwa watu, mtupu. "Mbwa abaki," akasema. "Na soja wake." Akarudi ofisini akiwa ameikunja mikono kifuani.

Mpaka leo Dzoro hajamwambia kuwa mbwa ni kiziwi. Wala mimi sina wasiwasi kwamba atayasoma haya, maana yeye husoma ankara tu. Tangu siku ile vitasa vimetulia rafuni, na wapagazi hutoka langoni mikono juu kama timu iliyofungwa penalti.

Juzi nilikuwa barazani, Dzoro amekaa kando yangu, kikapu kimeachwa zamani, Shahidi miguuni. Simu yangu ikatetemeka. Huiweka kiunoni, maana mfuko wa suruali umetoboka. Nikapeleka mkono chini ya shati. Shahidi akaja akakaa mbele yangu, macho juu.

Nikacheka. Dzoro hakucheka. Yeye ndiye aliyemfunza, yeye ndiye anayejua siri ya maini kuliko mtu yeyote kisiwani. Akautazama mkono wangu, akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu kuona nimekuja na nani.

"Mh," akasema. "Toa."