Kuku wa Fainesi na Jua la Novemba

Fainesi Tambo alikuwa mtu wa kushindana na jua, na kila mwaka jua lilimshinda. Novemba ya Bangula haina mzaha. Mbwa hushinda chini ya ghala, na mwenye akili zake hulima alfajiri akarudi kivulini. Fainesi hakuwa katika hao. Alifuga kuku weusi wakubwa, wa mbegu ya serikali, kwa kuwa walitaga sana na kwa kuwa jirani zake hawakuwa nao. Ukimwambia kuku mweusi na jua la kwetu hawaivi chungu kimoja, anakuuliza wewe umefuga wangapi.

Mwaka huo walimfia kumi na mmoja mchana mmoja. Walianza kuhema midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili, kisha wakaanguka mmoja mmoja. Banda alilijenga mwenyewe kwa matofali, kidirisha kimoja cha kupitisha mkono, mlango wa bati, ili nguchiro asipate njia. Nguchiro hakuipata, na upepo nao haukuipata.

Weusi saba waliponea chupuchupu; ambaye hakuhema hata kidogo alikuwa mmoja tu, tetea mwekundu wa kienyeji asiyetaka kulala bandani. Huyo hakuwa wake. Alikuwa wa Lofina Mbendera, jirani yake wa ua kwa ua; wote wawili waliolewa kijijini hapo mwaka mmoja. Kwetu ndivyo marafiki wanavyofanya: kila mmoja humpa mwenzake tetea amfugie, vifaranga wakagawana nusu kwa nusu. Mdondo, ugonjwa ule wa kuku, ukifagia nyumba moja, mbegu inabaki nyumba ya pili. Fainesi na Lofina walikuwa wamefugiana kuku miaka thelathini. Asubuhi ya vifo vile Lofina alikuwa amepita kumtazama tetea wake, na watu walikuwa wamemwona.

Baada ya msiba huo Fainesi aliingiwa na akili, ingawa alichelewa. Alikwenda sokoni saa sita mchana badala ya asubuhi. Asubuhi kila kuku ni mzima, hata anayekufa kesho. Akamwomba muuzaji, mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu, awashushe kuku wake wote juani, wamefungwa miguu kwa kamba ndefu, naye akajikalia pembeni kuwatazama. Wengi walianza kuhema. Watatu tu waliendelea kuchakura kana kwamba hakuna lolote: jogoo mmoja kishingo, shingo yake tupu nyekundu, na matetea wawili wa manyoya yaliyopinda kuelekea kichwani. Akainua mabawa, akapuliza manyoya ya kifuani kuona nyama, akatazama nyuma kama pasafi.

"Nipe hawa."

"Hawa, mama?" Mzee alimkazia macho. "Unawajua?"

"Nawajua. Ni kuku."

"Nimeuliza tu. Yasije yakanirudia mimi."

Fainesi hakumsikia. Kichwa chake kilikuwa kimejaa jua na kuku waliokufa. Hata njiani, Mama Jasi, mwanamke ambaye habari zote za kijiji hulala kwake kabla ya kusambaa, alipochungulia kapu na kusema, "Hata mimi ningewanunua, mwenzangu, kumi na mmoja si mchezo," aliona ni pole ya kawaida, akaitikia na kupita.

Naye Fainesi alikuwa anajua! Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kwamba kuku wa manyoya yaliyopinda hafugwi bure. Husemwa kwamba huchakura na kufukua uchawi uliozikwa uani. Anayemnunua ametangaza, bila kufungua mdomo, kwamba kuna mtu anamroga na mtu huyo hakai mbali. Fainesi alilijua hilo tangu ananyonya. Siku ile halikumpitia akilini kabisa.

Kesho yake asubuhi Lofina alisimama kwenye ua, kuku kwapani, miguu imefungwa.

"Hodi, Mama Zuze."

Miaka thelathini alikuwa akimwita Fainesi, tena kwa kelele. Jina la mwana lilimshtua.

"Karibu. Mbona umemfunga kuku wangu?"

"Nakurudishia. Wangu nampeleka nyumbani."

"Kwani anaumwa?"

"Mzima. Mgonjwa ni mimi, maana naambiwa sasa nalala mchana na kutembea usiku."

Fainesi akatazama alikotazama Lofina, akawaona wale matetea wawili wakichakura karibu na ua, na hapo ndipo akaelewa. Akacheka. Kucheka huko ndiko kulikoharibu kila kitu.

"Kumbe ni hao! Mwenzangu, nimewanunua kwa sababu ya jua. Manyoya yamekaa wazi, upepo unafika hadi kwenye ngozi!"

"Jua limeanza kuwaka jana?"

"Lofina…"

"Mumeo alipokufa, nani alilala nawe mkekani siku arobaini? Ningetaka kukuroga, ningeanza na kuku?"

Akamweka kuku chini, akamkamata wake, akaondoka. Kijiji kikafanya kazi yake. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Kisimani wanawake wakaanza kumpisha Lofina achote peke yake, na hiyo si heshima, ni woga. Mtu akianza kuogopwa hivyo kwetu, hamalizi mwaka akiwa na jirani.

Fainesi alifikiria kuwachinja wale matetea. Akaona akiwachinja watu watasema wamemaliza kazi waliyoitiwa. Alifikiria kwenda kwa Lofina kupiga magoti. Kiburi kikamkalisha. Alikuwa mwanamke mwema, lakini neno "nisamehe" lilikuwa zito kwake kuliko gunia la mahindi, na siku zikapita kumi na sita.

Siku ya kumi na saba alikwenda kusaga unga. Kipanga alikuwa akizunguka, kwa hiyo aliwafungia bandani kuku weusi saba waliobaki. Mashine ikaharibika, foleni ikasimama, na jua likapanda. Ilipofika saa saba akawakumbuka wale saba. Akaacha ndoo ya mahindi hapo hapo, akatoka mbio, mwanamke wa miaka hamsini na mitano, kanga mkononi.

Uani alikuta watu. Mama Jasi na wengine watatu walikuwa nje ya ua, mikono wameifumbata. Ndani, peke yake, alikuwa Lofina. Mlango wa bati ulikuwa umeng'olewa. Magunia yaliyoloweshwa yalikuwa juu ya paa. Kuku walikuwa wamelazwa chini ya ghala, vichwa vimelowa, na Lofina alikuwa amepiga magoti akimfungua mmoja mdomo na kumtilia maji ya kijani kutoka kwenye ndoo. Wawili walikuwa wamekwisha kufa.

"Tumemkuta ndani, Mama Zuze," Mama Jasi alisema kwa sauti ya kutosha. "Kavunja mlango. Anawanywesha kitu, sisi hatukijui. Tumeona tusimame, tuwe mashahidi."

Lofina hakugeuka.

"Niliwasikia wanahema. Nikakuita, hukuwepo," alisema. "Wafukuze hao au nifukuze mimi, lakini acha nimalize na huyu."

Fainesi aliwatazama wale wanne kwenye ua. Akajua kwamba lolote atakalolifanya sasa litafika kisimani kabla ya jioni, na kwamba maneno hayatatosha, maana maneno alikuwa nayo siku kumi na sita na hakuyatumia. Akachukua kikombe cha bati, akakichovya katika ndoo ya Lofina.

"Fainesi! Ni shubiri hiyo! Ni ya kuku!"

Akanywa. Ilikuwa chungu ya kutoa machozi, na ndani yake mlikuwa na unyoya. Akanywa mpaka chini, akajifuta kidevu, akachota tena, akamnyooshea Mama Jasi kikombe juu ya ua.

"Karibu, shahidi."

Mama Jasi akakumbuka chungu chake motoni. Wale watatu nao wakakumbuka vyao.

Fainesi akakaa chini mavumbini karibu na Lofina, akamchukua kuku mwingine mapajani, akamfungua mdomo.

"Nisamehe," Fainesi alisema.

Lofina akamtilia kuku wake maji.

"Kila asubuhi nilikuwa nasikiliza mlango wako," alisema. "Ukifunguka, nasema leo anakuja. Siku kumi na sita, Fainesi." Kisha akalia, kuku yuko mikononi, na Fainesi hakumwambia anyamaze.