Minazi Ishirini kwa Nyumba ya Magogoni

Baba yangu hakuwa mwongo. Nalisema hili mapema kwa sababu nikimaliza kusimulia watakuwako watakaomwita hivyo, na mimi ninayo haki ya kumkasirikia, wao hawana.

Miaka ile ya vita tulipanga chumba kimoja Changamwe, sisi wanne, kwa mwanamke aliyekuwa akihesabu hata ndoo za maji tunazomwaga. Baba alikuwa karani bandarini, kazi yake kuandika magunia yanayoshuka melini. Mshahara ulikuwa wa kuonea haya, lakini kaptula yake ilipigwa pasi na soksi zilifika magotini. Jioni moja akatwambia amechoka kuamriwa na mke wa watu saa ya kuzima taa. Atajenga.

Kujenga kwa fedha gani, sasa? Akiba yake ingetosha kununua milango miwili na kufuli. Yaliyobaki, boriti, fito, makuti na mafundi, yalitaka mkopo. Mwenye duka mmoja wa kwetu Rabai akakubali kumkopesha, alipe kidogo kidogo kwa miaka minane, lakini kwa rehani. Na rehani yenyewe ni minazi ishirini ya hawe.

Hawe ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Huyu alikuwa mama mzaa baba, mjane, na minazi ile ndiyo iliyomlisha. Rehani ya minazi ilikwenda hivi: tangu siku unaposhika fedha, nazi zote ni za aliyekukopesha, wala hazipunguzi deni hata senti moja. Ukimaliza kulipa, unarudishiwa minazi yako. Ukishindwa, imekwenda. Maana yake, kwa miaka minane hawe angenunua nazi ya kupikia dukani kama mgeni, huku zake akiziona zikianguliwa.

Akakubali. Aliuliza swali moja tu, naye ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, wala hakuinua macho.

"Na kiwanja ni chako?"

"Nyumba itakuwa yangu, mama," baba akamjibu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, nasoma shule ya misheni, na kwa udadisi wangu nilikuwa nimeshaisoma karatasi ya kiwanja. Ardhi ya Magogoni, alikotaka kujenga, ilikuwa ya tajiri mmoja wa mjini. Sisi tungelipa kodi ya ardhi kila mwezi, na nyumba juu yake iwe yetu. Siku mwenye ardhi akiitaka, tung'oe boriti zetu twende. Na mpangaji asipande mti wa kudumu. Mombasa watu chungu nzima walijenga hivyo, haikuwa ajabu. Lakini hawe hakuwahi kusikia nyumba isiyo na ardhi yake. Kwao aliyepanda mti ndiye mwenye mti, na anayejenga hujenga pake. Baba alilijua hilo. Alisema kweli, ila hakujibu alichoulizwa. Nami nikanyamaza kimya. Mtoto wa kwetu hawakatizi wakubwa, na hicho ndicho kisingizio changu mpaka leo.

Nyumba ikasimama. Sitasema uongo, tulifurahi. Mama alikanyaga udongo na wanawake wa jirani mpaka mapaja yakawa mekundu, na usiku wa kwanza alicheka peke yake gizani kwa sababu hakuna wa kumwambia azime taa. Lakini wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kila mwisho wa mwezi baba aligawa mshahara mafungu mawili, la Rabai na la mwenye ardhi, na kilichobaki tukala dagaa. Tulikula dagaa mpaka nikawachukia, na bado nawachukia.

Mwaka wa pili mama akajifungua mtoto wa kiume humo ndani. Hawe akaja kutoka Rabai na kikapu kichwani, na ndani yake mche wa mnazi uliokwisha chipua. Kitovu cha mtoto kilipoanguka, akakizika nyuma ya jiko na juu yake akaupanda mche, kama alivyotufanyia sisi sote kule nyumbani. Baba alikuwa kazini. Mama alinitazama kutoka kitandani, nami nikamtazama. Hakuna aliyesema, hawe, ngoja.

Baba aliporudi aliusifu ule mche. Kisha akamnong'oneza mama kwamba atauhamisha hawe akishaondoka. Akaa! Hawe alikuja kukaa arubaini. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, na ya baba yangu, ambaye hakuwa mwongo, ilikuwa fupi vilevile.

Mwisho wa mwezi akaja msimamizi wa ardhi kuchukua kodi, mzee wa kanzu safi, mtu wa adabu. Alimwamkia hawe shikamoo, akanywa kahawa, akazunguka nyuma ya nyumba kama ada yake. Aliporudi aliuliza nani kapanda mnazi. Akaeleza taratibu kwamba leo ni mti, kesho watoto watasema ni shamba lao. Ung'olewe sasa hivi, ama nyumba ivunjwe.

Baba akaanza kusema, mama, nitakueleza. Hawe hakumsikiliza. Alimgeukia msimamizi, akamuuliza ardhi hii ni ya nani, naye akamwambia.

Nilimwona akiwaza, na niliyajua anayoyawaza. Nyumba ikivunjwa, deni lingebaki miaka sita mbele, nasi tukarudi kulipa chumba. Baba asingeweza vyote viwili. Minazi ishirini ingekuwa imekwenda. Na kuinusuru ni kung'oa mnazi wa mjukuu, na kwetu ule mti ni mtoto mwenyewe.

Msimamizi akasema ataita kijana aung'oe. Hawe akakataa. Alipiga magoti akafukua kwa mikono, akautoa mzima na mizizi yake, akafunga udongo wa chini yake katika pembe ya leso. Kisha akamwambia baba, pale pale mbele ya mgeni:

"Ungeniambia si pako, ningekupa vilevile. Wewe si mwanangu?"

Baba alihesabu kodi mara tatu na kila mara akakosea. Lile deni alilimaliza, miaka minane kamili, hakuruka mwezi, na minazi ikarudi kwa mwenyewe. Watu wa kwetu walimsifu kwa hilo, na alistahili. Lakini baada ya usiku wa siku ile ya mche, hawe hakulala tena Magogoni.

Aliondoka asubuhi ya pili yake, arubaini haijatimia. Mimi nilimbebea kikapu mpaka barabarani, na mche ulikuwa ndani. Nilikuwa nikiomba Mungu asiniulize, na tulipofika barabarani akaniuliza.

"Wewe unasoma. Ulijua?"

"Nilijua, hawe."

Akakishusha kikapu kutoka kichwani kwangu, akakibeba mwenyewe.