Baba alishuka uwanjani Buffalo kuja kunitunza, wakamwambia asivuke mstari

Wakuu, salaam kwenu.

Hesabu kwanza, maneno baadaye. Kupiga ngoma msimu mmoja hapa Marekani kulinigharimu dola elfu nne na mia tisa, viatu jozi mbili, ukucha mmoja wa mguu ambao haujaota vizuri mpaka leo, na baba mmoja.

Nimerudia hesabu, inakuja ile ile. Baba mwenyewe yupo hai, yuko Columbus, anakula na kulala vizuri. Nimempoteza kwa namna nyingine, ndiyo nataka kuieleza. Wale wa kusema "hii ni chai", yaani nimeitunga, nawaomba wasubiri mwisho ndipo wabandike sufuria.

Mimi ni Mrundi wa kambini, Kigoma. Niliingia kule nikiwa mgongoni kwa baba. Tulivuka mpaka na maji, mama akiwa mgonjwa, hivyo mzee ndiye aliyenibeba mimi na sufuria. Mama hakukaa sana, Mungu amrehemu. Tukabaki wawili.

Kambini baba alikuwa mpiga ngoma. Si wa kubahatisha, alikuwa mpiga ngoma haswa, wa kuja na ngoma kichwani huku anatembea. Kukiwa na harusi, wageni wa mashirika, au padri mpya, anaitwa yeye.

Na watu walikuwa wanamtunza.

Hapa nisimame kidogo, maana uzi wote umebebwa na hili neno. Kwetu mtu akipiga vizuri, mwenzake anainuka alipokaa, anaingia uwanjani akicheza, anambandika noti kwenye paji la uso. Jasho ndiyo gundi. Kambini noti zilikuwa adimu, kwa hiyo nilishaona baba akitunzwa kipande cha sabuni. Nimeona akitunzwa kikombe cha mchele, ule wa mgao, na mtoaji ana watoto watano. Mpigaji hasimami wala hasemi asante. Anainamisha kichwa kidogo tu, anaendelea. Kile kichwa kikiinama, mtoaji anarudi kukaa akiwa ameshiba.

Mimi kambini sikupiga ngoma hata siku moja. Nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha. Kuhesabu na kubishana bei ndiyo shule niliyosoma vizuri.

Tukaletwa Marekani kama wakimbizi, mji wa Louisville. Shuleni mwalimu wa bendi akaona kwenye karatasi yangu neno Burundi, akafurahi kama kaokota kitu. Kumbe alishaona video za ngoma za Burundi. Nikamwambia mpigaji ni baba, mimi ni mtu wa mayai. Hakunielewa, Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Akanipa vijiti. Nikauliza wenzangu kama bendi ina faida gani, wakasema kuna basi la kurudi nyumbani bure na pizza kila Ijumaa. Nikawa Mrundi mpiga ngoma.

Cha ajabu, mikono ilikuwemo. Damu haina adabu, inajitokeza bila kuitwa.

Baada ya shule tukahamia Columbus, apartment za Morse Road, baba akapata kazi warehouse. Ndipo nikasikia habari za drum corps.

Msidhani ni bendi ya harusi. Ni kikosi cha vijana kama mia na hamsini, wenye matarumbeta, ngoma na bendera. Mnazunguka nchi nzima kwa basi kiangazi chote, mnashindana. Mnatembea kwenye uwanja wa football huku mnapiga, mnachora maumbo kwa miili yenu, na juu kabisa kuna majaji wanawakata pointi. Na hawakati pointi nzima. Wanakata sehemu ya kumi ya pointi. Mtu wa sokoni kama mimi nilipoona wazee wazima wanagombania sehemu ya kumi, nikasema hapa nimefika kwetu.

Mnalala sakafuni kwenye gym za shule. Kutwa nzima mko juani. Mkate wa siagi ya karanga mpaka unauota. Halafu mnalipa nyinyi.

Hapo ndipo baba alipokwama. Nilimwonyesha ada, akavua miwani, akaipangusa na shati, akaivaa tena.

"Hii ndiyo watakayokulipa?"

"Hapana baba. Hii ndiyo tutakayowalipa."

"Tunawalipa wao, halafu wewe ndiye unapiga?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, hiyo ngoma yao nani kaipindua chini juu?"

Alicheka, lakini alilipa. Jumamosi zote za masika alichukua ovataimu. Mimi nilibishana na ofisi ya kikosi mpaka wakaniruhusu nilipe kidogo kidogo, na koti la kikosi nikalitoa kwenye bili. Nikaona nimeshinda.

Sasa neno la kwanza nililofundishwa kule lilikuwa "set". Ukisikia "set", unasimama, kidevu juu, macho kwenye kile chumba cha majaji juu ya jukwaa, na hutikisiki mpaka hesabu inayofuata. Nzi akitua puani, mwache ale. Siku moja nyigu aliniuma shingoni, nikamhesabia mpaka nane ndipo nikatembea naye.

Na hucheki, na hupepesi macho kutafuta watu wako jukwaani. Baba aliponipigia simu nilimweleza haya yote. Kitu kimoja sikumweleza, kwa sababu haikunijia akilini kwamba kinahitaji kuelezwa: kwamba ule mstari mweupe wa pembeni ya uwanja ni ukuta.

Tukafika Buffalo.

Buffalo kuna ndugu wengi, Warundi na Wakongo. Baba akatoka Columbus na van ya kanisa, mwendo wa saa tano, yeye na akina mama wa kwaya. Dereva alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Baba alivaa suti. Jua la Julai, uwanja wa football, mzee kavaa suti ya kijivu ya Pasaka.

Katikati ya show yetu kuna sehemu ambayo ngoma tu ndiyo zinasikika. Tunakuja mbele kabisa karibu na watu, tunapiga kwa nguvu zote, kisha ghafla tunanyamaza. Set. Vijiti juu, uwanja kimya, kama hesabu kumi na sita, yaani nane mara mbili. Halafu tarumbeta moja inaanza kwa mbali.

Siku ile tulipiga vizuri kuliko siku yoyote. Nasema hivyo na sina sababu ya kujipamba.

Tukanyamaza. Na kwenye ule ukimya nikasikia kigelegele. Mama Furaha.

Kisha nikamwona baba kwa pembe ya jicho. Alishapita kamba na meza za vifaa. Alikuwa anakuja anacheza, yale mabega ya kambini, taratibu, suti inameta, mkono mmoja juu umeshika noti ya dola ishirini.

Kyle, mkubwa wa safu yetu, alikuwa kushoto kwangu. Akanong'ona bila kufungua mdomo, "Is that guy in the show?"

Watazamaji jukwaani nao hawakuelewa. Wengine walipiga makofi.

Baba akafika mbele yangu. Akanibandika noti kwenye paji, palepale chini ya kofia. Ikashika, jasho lilikuwepo la kutosha.

"Umeipiga, mwanangu. Umeipiga."

Akasubiri.

Wakuu, yeye alikuwa anasubiri kichwa kiiname. Hicho tu, kidole kimoja cha kuinama.

Na mimi nilikuwa set. Macho yangu yako juu ya kichwa chake, kwenye chumba cha majaji. Nilikuwa nahesabu, maana ndiyo kazi iliyonileta. Tano, sita, saba. Alinitazama machoni akakuta macho hayapo. Nane. Akageuza shingo kidogo kutafuta mimi natazama nini kikubwa kuliko yeye.

Hesabu ikaisha. Tukageuka kushoto safu nzima, tukaondoka. Noti ikadondoka. Mtu wa nyuma yangu akaikanyaga, na wa nyuma yake pia, si kwa ubaya, mguu ulikuwa na mahali pake pa kutua.

Kutoka mbali niliona mambo mawili. Niliona baba anainama kuiokota. Kwetu tunzo haliokotwi na aliyelitoa, wakuu. Bora libaki chini lioze. Kisha nikaona kijana wa fulana ya njano amemshika kiwiko anamtoa, na baba anajipangusa goti la suti.

Naenda kumalizia. Break yangu ya kazini ni nusu saa, na nimeshatumia robo tatu yake kufuta na kuandika upya hapo juu.

Baada ya show mkurugenzi wa kikosi aliniita kwenye mabasi. Tulikatwa pointi kwa sababu ya mtu kuingia uwanjani, tukashuka nafasi moja. Hakufoka. Aliniuliza yule ni nani.

Nikasema ni baba, alikuja kunitunza.

Akauliza maana yake. Nikaanza kutafuta Kiingereza. Nikasema, he came to tip me. Kyle akacheka. Nikaona haijakaa sawa, nikarudia, he came to take care of me.

Mkurugenzi akaniwekea mkono begani. "We take care of you here," akasema.

Nikajaribu kubishana bei. Nikamwambia alama zikatwe kwenye jina langu, nikae benchi show mbili, kikosi kisisumbuke. Akasema haiendi hivyo. Mara ya kwanza maishani nimekutana na bei isiyoshuka. Akasema tu, mwambie baba yako asivuke mstari tena.

Nikaenda kwenye van. Akina mama walikuwa wanapakua sambusa na soda. Mama Furaha akajaribu kunichekesha: "Donc, wewe mutoto, ile ngoma yenu ni ya jeshi? Kuinamisha kichwa kunalipiwa pia?" Hakucheka mtu.

Baba alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkanda umefungwa, gari halijawashwa.

Nikamwambia kama nilivyotumwa. "Baba, wamesema usivuke mstari tena."

"Wamesema?"

"Ndiyo."

"Sawa. Sitavuka."

Hakukasirika. Angekasirika ningekuwa na cha kupunguza. Alinipa sambusa mbili zimefungwa kwenye tishu, akaniambia nisilale na njaa.

Nilimaliza msimu. Mwaka uliofuata umri ukanitoa. Wenzangu wa kikosi wana tattoo ya nembo, mimi nina lile koti ambalo hatimaye walinipa bure. Nilijaribu kumuuzia mama mmoja wa duka la Morse Road, akaniuliza, "Hii ni ya kampuni gani ya ulinzi?" Akatoa dola nane. Sikuuza, na mimi huwa nauza.

Sitadanganya, kulikuwa na utamu. Sehemu ya kumi ya sekunde ambapo vijiti kumi vinagonga kama kimoja, sijaipata kokote tena. Ila kila nikiikumbuka, naiona na noti iko paji la uso.

Na baba? Baba ni mtu wa neno lake. Alisema hatavuka, hajavuka.

Nilipoapa uraia alibaki mlangoni mwa ukumbi. Nikamwita kwa mkono aje kwenye picha. Akatazama zulia, pale rangi inapobadilika, akatikisa kichwa.

Nikipiga ngoma kanisani, anakaa benchi la mwisho, mikono mfukoni. Watu wanatoka kututunza, watoto hata. Yeye anatazama juu, pale ukutani juu ya kichwa changu. Sijui kama anafanya makusudi. Nadhani alielewa kwamba ndivyo ngoma za huku zinavyotazamwa.

Nimemweleza mara nyingi kwamba ilikuwa kanuni ya mchezo, kwamba hata angekuja rais nisingetikisika. Anajibu, "Nilielewa siku ileile, mwanangu." Na anabadilisha mada, anauliza bei ya matairi.

Mtu aliyevuka mpaka na maji na mimi mgongoni, amezuiwa na chokaa.

Sasa naoa mwezi ujao. Binti ni wa Louisville, anaitwa Neema, Mrundi pia, sherehe itakuwa kule kwao. Ngoma zitakuwepo, na kwa mila baba ndiye anayetakiwa kuingia wa kwanza kututunza. Nikamwambia baba. Akasema atakuja bila shaka, suti anayo. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza parking:

"Mstari utakuwa wapi?"

Nikasema hakuna mstari. Akasema, "Kwenu huwa upo. Niambie tu mapema, nisije nikawaharibia."

Somo langu ni hili. Ukimwalika mzee wako kwenye ngoma ya watu, mwonyeshe mstari kabla hajakaa. Na ukitumwa ujumbe kwa baba yako, usiufikishe mbichi. Mimi bei zote nilizipunguza, ile sentensi moja nikaifikisha kama ilivyo.

Ushauri ninaoomba, hasa kwa wazee wa humu na wanaojua mila za kwetu:

Nina noti ya ishirini. Siku hiyo ngoma zikianza nataka mimi ndiye nivuke. Nitoke pale mbele kwa bibi harusi, niende nikicheza mpaka kiti cha baba kule nyuma, au mpaka kwenye gari kama atakuwa kwenye gari, nimbandike kwenye paji.

Je, mtoto anaruhusiwa kumtunza baba yake mbele za watu? Au nitakuwa nimemwaibisha mara ya pili?

Na asipoinamisha kichwa, nisubiri hesabu ngapi?