Mama Alipomnywesha Mwenye Duka Dawa

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ya ile Hali ya Hatari ya wakati wa mkoloni, tulipokuwa tumefungiwa kijijini huku Embu. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe.

Mdogo wangu Njeru alikuwa amevimba tumbo kwa minyoo. Alikuwa hali chakula, macho yameingia ndani. Dawa yetu ni mugaita, tunda dogo la msituni, linasagwa na kunywewa kwa maziwa. Lakini msitu ulikuwa umefungwa, na aliyeonekana huko alipigwa risasi. Baba naye yuko kizuizini. Homugadi wa langoni, mwenzetu aliyetulinda kwa niaba ya mkoloni, akampa mama pasi ya kwenda mjini. Niseme ukweli, watu walimchukia, na wengi walikuwa na sababu, lakini siku hiyo alitufaa.

Mjini tukaingia kwa mzee mmoja Mhindi, mwenye duka. Mama akamweleza. Akatoa mbegu ndogo za mviringo, kama pilipili manga.

"Vavdingi hii. Kwetu India, hata babu yangu alitibu minyoo na hii."

Mama akazigeuza kiganjani. Zilifanana na mugaita, lakini hazikuwa mugaita.

"Kwetu anayetoa dawa huionja kwanza, watu wakiona."

"Lakini mimi sina minyoo, mama!"

"Sijasema unayo. Tafuna."

Akatafuna, uso ukamkunjamana.

"Meza. Umeficha shavuni."

Mke wake akacheka huko ndani mpaka akakohoa. Mzee akameza, naye akacheka.

Nilidhani yameisha. Kumbe nyumbani mama alisaga kidogo, akanywa yeye. Nikalia, "Njeru anakufa! Mpe sasa!"

"Kaa chini. Ikiwa mbaya, mimi nitaweza kusema. Huyu hata kulia hawezi."

Tukamtazama mama mpaka jua likashuka. Asubuhi, alipojiona bado mzima, kabla mtoto hajala kitu, akampa. Kufika jioni minyoo ilikuwa imetoka, na Njeru anadai viazi.

Sijui kama ni zile mbegu peke yake, au ni Mungu. Ila najivunia mama yangu mpaka leo. Hakumdharau mgeni, wala hakumwamini bure, na hofu yake mwenyewe haikumharakisha.

Basi, mwanangu, siku hizi zahanati ziko, mpeleke mtoto huko. Lakini chochote unachotaka aliye mdogo kwako akimeze, kiwe dawa, kiwe amri, kipite kwako kwanza. Mungu akulinde. Watoto wako wakue wakidai chakula, nawe usikose cha kuwapa.