Vikombe vya Picha

Watu wa mtaani walimwita Fundi, na hakuna aliyeuliza fundi wa nini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amenyoa vichwa katika chumba kimoja chenye kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye kona, na kisanduku cha wembe ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Mashine alikuwa nayo, tena nzuri, lakini sifa yake ilikuwa wembe. Akishapunguza nywele kwa mashine, aliinamisha kichwa cha mteja kwa vidole viwili, akashusha pumzi, akachora mstari wa shingo kwa mvuto mmoja. Mvuto mmoja tu. Wateja walisinzia wembe ukiwa shingoni mwao, na kwake hiyo ilikuwa shukrani kubwa kuliko ahsante yoyote.

Tena alikuwa mtu wa kutomwaga kitu. Vipande vya sabuni vilivyokaribia kwisha alivigandamiza pamoja hadi akapata mche mpya wa rangi tatu. Maji aliyofulia taulo yalisugua sakafu. Chai ikipoa aliinywa hivyo hivyo, na ukimuuliza kwa nini, anakuambia haijaoza. Watu walimcheka sana kwa hilo. Msilisahau lakini, kwa sababu ndilo lililomponza.

Mke wake alikuwa karani wa ofisi, mwanamke mwenye macho makali na maneno mazuri. Zamani, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, wawili hao walikuwa wakichemsha birika moja la kahawa, wanakaa meza ya jikoni, wanaongea. Wanaongelea nini? Wateja, bosi, jirani anayeazima kitu na kukirudisha kimevunjika. Vilikuwa vichekesho vitupu. Siku moja mke akasema, "Haya maneno yetu yanapotea bure," akaanza kuyaandika kwenye blogu. Akaiita Kikombe cha Leo. Watu wakaipenda, na mwenyewe akawaahidi wasomaji makala moja kila siku, saa moja kamili asubuhi, bila kuruka hata siku moja.

Ahadi aliitimiza, kwa hilo lazima tumpe haki yake. Aliitimiza akiwa na homa. Aliitimiza siku ya mazishi ya shangazi yake, akiwa chooni na simu, waombolezaji wakigonga mlango. Mwaka wa kwanza waliongea kwanza, kisha akaandika. Mwaka wa pili aliandika huku wanaongea. Mwaka wa tatu aliandika, basi. Fundi alikuwa anajua habari za nyumbani kwake kutoka kwa wateja. "Kumbe mmebadilisha pazia la sebuleni," mtu anamwambia akiwa kitini, naye anacheka kama anajua.

Na kahawa nayo ikawa shughuli. Makala ilitaka picha, picha ilitaka kikombe chenye mvuke, na mvuke hausubiri mtu. Kikombe cha kwanza kilipoa mke akitafuta mwanga wa dirisha. Cha pili povu lilikaa upande. Cha tatu ndicho kilichopigwa picha. Cha nne kilikuwa cha kahawa ya aina nyingine, ya kulinganisha. Vyote vilikuwa vikombe virefu, maana vifupi havipendezi machoni. Mke mwenyewe alikuwa na vidonda vya tumbo, kwa hiyo alilamba ncha ya kijiko tu, akasema, "Mume wangu, hebu malizia hivi, tusimwage." Basi mtu asiyemwaga hata maji ya taulo angefanya nini? Alimalizia. Saa mbili asubuhi anafungua duka, tumboni ana vikombe vinne, siku nyingine vitano.

Wasomaji walipouliza kama kahawa ina madhara, mke aliwajibu kwa makala ndefu. Alikuwa amesoma kweli, hakubuni. Aliandika kwamba watu wazima wengi wanaweza kunywa vikombe vitatu vinne kwa siku bila neno. Akasahau kuandika ukubwa wa kikombe. Akasahau kuandika kwamba kila mwili una kiasi chake. Kisha, ili kuitia ladha makala, akaongeza: "Mume wangu hunywa vinne kila asubuhi, na anashika wembe kwa mkono imara kuliko jiwe." Wateja walimsomea sentensi hiyo wiki nzima. Yeye alikuwa akitazama mkono wake.

Kwa sababu mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Kwanza kidogo, kwenye kidole gumba, wakati wa kufungua chupa ya spiriti. Halafu kiganja kizima. Moyo nao ulikuwa ukimdunda akiwa amesimama tu, na usingizi umemkimbia. Kichwani mwake lilikuja jambo moja, likakaa. Baba yake alikuwa ametetemeka hivyo hivyo uzeeni, hadi akalishwa kwa kijiko, na alikuwa fundi wa saa. Fundi alijua vizuri mtu anayeishi kwa mikono anakuwa nani mikono ikimwacha.

Jumatatu alimwambia mkewe. "Mkono wangu unatetemeka."

"Subiri nimalizie aya hii," akasema mke bila kuinua uso. Aya ikaisha, ikaja nyingine.

Alhamisi ya wiki iliyofuata akamwambia tena. Mke akasema, "Pole, umechoka tu," akausogeza mkono huohuo pembeni kwa sababu ulikuwa umeingia kwenye picha.

Jumamosi alikuja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu wa mizaha asiyejua kukaa kimya kitini. Wembe ulipofika nyuma ya sikio, mkono ukaruka. Damu ikachuruzika hadi kwenye kola.

"Shemeji, kama unataka sikio langu ungesema tu, ningekuletea kwenye sahani," akasema shemeji huku akibana kitambaa.

"Nisamehe, shemeji."

"Dada anaandika mkono wako ni jiwe. Hili jiwe gani linacheza ngoma?"

Alisema kwa utani, lakini Mwalimu alikuwa kwenye benchi anasubiri zamu. Huyu Mwalimu, mstaafu, alikuwa ameketi katika kiti kile kila wiki tangu duka lifunguliwe. Alikunja gazeti lake polepole, akasema amekumbuka kitu nyumbani. Wiki iliyofuata Fundi alimwona kupitia kioo akipita ng'ambo ya barabara, kichwa kimenyolewa vizuri na mtu mwingine. Mwalimu aligeuza uso kama anasoma bango. Fundi aliona haya, kisha haya ikageuka hasira, na hasira ikatafuta pa kwenda.

Jioni hiyo alimwambia mkewe mara ya tatu. "Nimemkata ndugu yako. Mwalimu amenihama."

"Mmh," akasema mke. Alikuwa anawajibu wasomaji. Mmoja paka wake hali chakula, na mke alikuwa akimuuliza paka ana miaka mingapi.

Fundi alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti, akafungua blogu ya mkewe kwenye simu yake. Chini ya makala ya siku, mahali pa maoni, akajiita Msomaji wa Mbali, akaandika: "Mama, nafanya kazi ya mikono. Mkono wangu unatetemeka, moyo unadunda, silali. Naogopa."

Jibu lilikuja baada ya dakika nne.

"Pole sana, ndugu yangu. Umenigusa moyo. Unakunywa kahawa?"

Akajibu kwamba anakunywa vikombe vinne mpaka vitano, virefu, kabla ya saa mbili asubuhi.

"Jamani," akaandika mke, upande wa pili wa ukuta, hatua sita kutoka alipokaa yeye. "Hiyo ni nyingi mno. Virefu vinne ni sawa na vinane vya kawaida, na kuna miili isiyovumilia hata viwili. Huenda ndiyo inayokutetemesha. Punguza kidogo kidogo, usikate ghafla, kichwa kitakuuma. Nenda ukapimwe, usikae na hofu peke yako. Lakini hebu niambie, ni nani huyo anayekupa kahawa yote hiyo? Huna mtu nyumbani wa kukutazama?"

Fundi alisoma mara tatu. Kwa wiki tatu alikuwa amebeba ugonjwa wa baba yake kifuani, na kumbe dawa ilikuwa kwenye vidole vya mkewe, inagawiwa bure kwa yeyote asiyekuwa yeye. Angekuwa mtu wa kupasua vitu angepasua simu. Akaiweka mfukoni, akaingia ndani, akapita nyuma ya mkewe. Mke hakugeuka.

Asubuhi, saa moja kamili, makala ilitoka. Kichwa chake kilikuwa: "Msomaji wetu anatetemeka, na nyumbani hakuna anayemwona." Iliandikwa kwa uchungu wa kweli. Mke aliwalaumu watu wanaoishi na mtu bila kumtazama. Wasomaji wakalia naye, mamia, na dukani shemeji akaisoma kwa sauti, bandeji ikiwa bado sikioni. "Dada leo amewatoa watu machozi," akasema. "Huyo mke wa huyo jamaa ni mnyama."

Fundi akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akachukua kisanduku cha wembe, akaenda nacho nyumbani. Siku hiyo alimkwepa mkewe. Alikuwa anaogopa atakachosema.

Kesho yake aliamka pamoja na mkewe, akaketi mezani. Vikombe vinne vilikuwa vimepangwa karibu na dirisha, mvuke unapanda, mke amepiga goti anatafuta pembe ya picha.

"Yule msomaji wako wa mkono," akasema Fundi. "Ni mimi."

Mke akacheka. Kisha akamwangalia usoni, na kicheko kikamkauka.

"Wewe? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia Jumatatu. Nikakuambia Alhamisi, ukausogeza mkono usiharibu picha. Nikakuambia nimemkata ndugu yako, ukaniuliza... hapana, hukuniuliza kitu, ulimuuliza mwenye paka. Nilipojiita mtu wa mbali ulinijibu baada ya dakika nne."

Mke aliweka simu mezani. Aliushika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili, akausikia ukitetemeka, akalia. Alilia kwa kweli, hatutamsingizia. "Nisamehe, mume wangu," akasema. "Nisamehe. Mimi ndiye ninayekupa." Fundi alihisi hasira ikianza kulegea, akaiacha ilegee.

Saa ya ukutani ilikuwa imebakisha dakika kumi kufika saa moja. Mke akaitazama. Akafuta machozi, akasema kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, "Naweza kuliandika hili? Bila kukutaja. Litasaidia watu."

Fundi akautoa mkono wake. Akaenda chumbani, akarudi na kisanduku, akaufungua wembe, akavuta kiti katikati ya jikoni. Mke alikuwa na nywele fupi, na zamani Fundi alikuwa akimchonga kisogo kila Ijumaa jioni, hadi Ijumaa nazo zikaliwa na blogu.

"Kaa nikuchonge shingo," akasema. "Tukimaliza, andika."

Mke akasogea. Akaanza kuketi, kisha akauona wembe kwenye mwanga wa dirisha. Makali yalikuwa yanacheza, na hata mwangaza wake ukutani ulikuwa unacheza. Akanyanyuka.

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Utanikata."

"Basi andika hilo," akasema Fundi. "Andika kwamba mkewe amekataa. Mwalimu naye alikataa, ila hakusema."

Akaukunja wembe. Kisha, yeye aliyeunganisha vipande vya sabuni, akachukua kikombe cha kwanza akakimwaga kwenye sinki. Akamwaga cha pili, nusu ikaangukia sakafuni. Cha tatu. Cha nne mke alimpokea, akakimwaga mwenyewe. Saa moja ikafika, ikapita. Baadaye kidogo simu ikaanza kutikisika mezani, wasomaji wanauliza kulikoni, na mke akaizima bila kuisoma.

Siku ya pili yake ilikuwa mbaya. Fundi alikuwa amekata kahawa ghafla, kwa hasira, kinyume na ushauri aliopewa na mtaalamu aliyekuwa hatua sita kutoka kwake, na kichwa kilimuuma hadi meno. Aliketi jikoni na kikombe kimoja kifupi mbele yake, nusu, ambacho mke alimpimia kwa kijiko na kukisukuma taratibu. Dirishani hapakuwa na kitu. Saa moja ikapita tena, simu iko chumbani, imezimwa. Mke akavuta kiti, akakaa mbele yake, mikono mitupu, kama mtu asiyejua mikono inawekwa wapi.

"Mchana tunakwenda ukapimwe," akasema. "Nimeomba ruhusa kazini. Ulianza lini kutetemeka?"

Fundi alimtazama. Alikuwa amelingoja swali hilo kwa wiki tatu, na sasa lilipokuja liliamsha hasira upya, mbichi kabisa, hadi akatamani kunyamaza ili mke naye aonje. Angeweza. Badala yake aliuweka mkono wake katikati ya meza, ukitetemeka wote wawili wanaona, akaanza kumweleza, kwa ukali, tangu Jumatatu ile, siku baada ya siku, bila kuruka hata moja.