Kadi za Watoto Njiti

Mwaka 2015 nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto pale Kasulu, na nilikuwa nagombania kompyuta. Mganga mfawidhi alitaka kuihamishia kwa karani wake. Nikamwambia nitaifundisha kututajia watoto waliopitwa na chanjo, tuwaite kabla surua haijawafikia.

"Ijumaa nione orodha," akasema. "La sivyo inahama."

Python, lugha ya kuiagiza kompyuta, nilikuwa najifunza mwenyewe, kwa kitabu nilichowekewa kwenye flashi. Unaandika kwanza mfano wa kadi, unaoitwa klasi, kisha kila mtoto anapata kadi yake kutokana na huo. Nikaipa klasi kazi ya kuongeza chanjo, nikaijaribu kwa chanjo moja. Ikanijibu kwamba inapokea kitu kimoja, nami nimeipa viwili. Viwili vya nani? Mimi hasira ziko karibu. Nilipiga meza hadi mizani ikatikisika.

Mkalimani mmoja Mkongo, aliyeleta wagonjwa kutoka kambi ya Nyarugusu, alikuwa amesomea kompyuta kwao. Akachungulia, akacheka.

"Mama, kadi yenyewe inakuyaka ya kwanza, hata hauiite. Uiachie nafasi."

Kumbe kadi huja yenyewe bila kuitwa! Hata sisi mlangoni tukiita mtoto mmoja wanaingia wawili, maana mama kambeba, na hakuna anayeuliza. Nikaandika neno self, yaani kadi yenyewe, mbele ya chanjo, ikakubali.

Alhamisi ikaja shughuli ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kadi zao zilihitaji uzito wa kuzaliwa. Nikatengeneza klasi ya pili inayorithi ile ya kwanza, nikaiandikia sehemu yake ya kuanzia yenye uzito, nikijua mengine yatakuja yenyewe. Programu ikafika kwa njiti wa kwanza ikagoma: kadi hii haina orodha ya chanjo. Mkongo alishaondoka na lori. Nililia, sioni haya kusema.

Haraka haraka haina baraka; nilikuwa nimeruka ukurasa. Klasi ya mtoto, yaani ile inayorithi, ikiwa na sehemu yake ya kuanzia, ya mzazi haifanyi kazi mpaka uiite kwa jina. Ulikuwa mstari mmoja tu. Nikauongeza, nikalala.

Ijumaa asubuhi orodha ikatoka, majina tisa. Mganga mfawidhi akayasoma kwa sauti. Kwenye la nne akaniangalia.

Lilikuwa la binti yangu. Njiti wangu mwenyewe, amepitwa na chanjo ya surua ya mwaka mmoja na nusu.

"Mashine imekosea," nikasema, na nilitamani kweli iwe imekosea. Kadi yake ya karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikaifungua mbele ya mganga: nafasi ilikuwa tupu. Na mimi ndiye niliyekuwa nawasema kina mama kila siku kwa uzembe.

"Kompyuta inabaki hapa hapa," akasema mganga, akijikaza asicheke. "Na wewe kamlete mtoto."

Nilimfuata nyumbani mbio, nikarudi naye mgongoni, nikakaa kwenye benchi nyuma ya kina mama wenzangu kusubiri tuitwe.